Nywila za Hoteli Jambiani: Umlipe Nani, Ulipe Ngapi

Hoteli ya vyumba arubaini pale Jambiani inaweza kuwa na wafanyakazi sitini, lakini wanaohitaji nywila za kazi hawafiki hata ishirini. Mpishi hahitaji, mlinzi hahitaji, wala kijana wa bustani. Wanaohitaji ni watu wa mapokezi, mhasibu, meneja, anayejibu barua za wageni, anayepandisha picha Instagram, na mwenye mali mwenyewe, ambaye pengine yuko Mjini, pengine yuko Milano. Anza na hesabu hiyo. Programu nyingi za kutunza nywila huuzwa kwa kichwa, kila mwezi, kwa dola, na hakuna muuzaji atakayekuambia kwamba umelipia vichwa vya bure.

Wengi sasa hivi hawalipi kitu. Kuna karatasi iliyobandikwa kwa selotepu upande wa ndani wa kaunta, mistari minane au tisa, mmoja umekatwa kwa kalamu na juu yake imeandikwa nywila mpya: jina la hoteli na mwaka. Karatasi isipoonekana, lipo kundi la WhatsApp. “Jamani paswedi ya Booking ipi? Mgeni kasimama hapa.” Jibu huja papo hapo, kisha hubaki kwenye simu za wote waliomo kundini, akiwemo yule aliyeacha kazi mwezi wa tatu na hakuna aliyekumbuka kumtoa.

Ukanda wa kusini mashariki wa Unguja una tatizo hili kuliko ofisi za kawaida kwa sababu ya msimu. Masika yakiingia, hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga kabisa. Wa Mombasa hurudi kwao, wa Arusha hurudi kwao, na Juni ikifika nusu ya sura za mapokezi ni mpya. Walioondoka wameondoka na nywila vichwani: za Booking.com, za Airbnb, za barua pepe, za mfumo wa risiti wa Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Wengi wao ni watu waaminifu. Lakini simu zao huibiwa kama simu za watu wengine.

Wezi nao wanazijua hoteli. Tangu 2023 watafiti wa usalama wa mitandao wamekuwa wakieleza mchezo mmoja unaorudiwa duniani kote: hoteli inapokea barua ya mtu anayejifanya mgeni, amesahau pasipoti au ana malalamiko, na ndani yake mna kiungo. Mapokezi wakikibonyeza, programu chafu inaingia kwenye kompyuta na kukomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Baada ya hapo mwizi anawaandikia wageni kupitia akaunti halisi ya hoteli, akidai kadi zao zithibitishwe upya. Machi 2025 Microsoft ilitoa onyo jingine kuhusu kundi linalowalenga watu wa hoteli kwa barua zinazojifanya zimetoka Booking.com.

Hilo linatupeleka kwenye chaguo la kwanza, ambalo ni la bure: kuiachia Chrome ihifadhi kila kitu. Kwa mtu binafsi si vibaya, na ni bora kuliko nywila moja kila mahali. Kwa biashara halifai. Kompyuta ya mapokezi inatumiwa na watu watatu kwa zamu, nywila zimo kwenye akaunti ya Google ya mmoja wao, na kushirikishana kwa njia ya kawaida kumewekewa familia, si kampuni. Isitoshe, hizo za kwenye kivinjari ndizo zinazowindwa kwanza na programu chafu.

La pili, nalo ni la bure, ni KeePass, iliyoanza mwaka 2003, na ndugu yake wa kisasa KeePassXC. Nywila zote hukaa ndani ya faili moja lililofungwa kwa usimbaji fiche, kwenye kompyuta yako, bila intaneti na bila kampuni katikati. Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba sita, ambako mwenye mali ndiye meneja na ndiye mhasibu, mimi singetafuta kingine. Mtihani huanza wakiwa watu watano. Faili likiwekwa Google Drive na watu wawili wakaliandika kwa pamoja, kunatokea nakala mbili zinazogongana. KeePassXC inaweza kuziunganisha, lakini lazima awepo anayejua kufanya hivyo. Kubwa zaidi, wote wanatumia ufunguo mmoja. Anayeondoka na nakala ya faili kwenye flashi ataifungua milele kwa ufunguo aliokuwa nao, hata ukibadilisha wa kwako kesho.

Sasa za kulipia. Bei ninazozitaja ni zile zilizotangazwa na kampuni zenyewe kwa mkataba wa mwaka, bila kodi, nami nimechukua dola moja kwa Sh 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Hubadilika, kwa hiyo zitazame upya siku ya kulipa.

Bitwarden daraja la Teams ni dola 4 kwa mtu kwa mwezi. Watu kumi na watano ni dola 720 kwa mwaka, yaani Sh 1,800,000. Unapata makundi ya nywila (mapokezi waone zao, uhasibu waone zao), kumbukumbu ya nani alifungua nini, na namba za uthibitisho, zile zinazoombwa baada ya nywila wakati wa kuingia, zinazozalishwa ndani ya programu yenyewe. Jambo hili la mwisho lina thamani kuliko linavyosikika. Hoteli ngapi zinapokea namba hizo kwenye laini ya simu ya mfanyakazi mmoja, ambaye akiwa kwenye daladala ya Mjini hakuna anayeweza kuingia?

Daraja la Enterprise ni dola 6, na kwa watu hao hao ni Sh 2,700,000. Tofauti ya Sh 900,000 inanunua nini? Hasa kitu kimoja: mfanyakazi akisahau nywila yake kuu (ile moja inayofungua nyingine zote), msimamizi anaweza kumrudisha ndani. Kwenye Teams hawezi. Akaunti ya mtu huyo inaanza upya, ingawa nywila za hoteli zilizomo kwenye makundi zinabaki salama. Enterprise pia inaleta kanuni za kulazimisha, kama vile urefu wa nywila kuu, na inaunganishwa na akaunti za Microsoft au Google za kampuni.

1Password inauza vingine. Ina kifurushi cha timu cha watu wasiozidi kumi kwa dola 19.95 kwa mwezi kwa jumla, karibu Sh 600,000 kwa mwaka. Ikiwa unaweza kujibana kwenye watu kumi, hiyo ni rahisi kuliko Bitwarden, na msimamizi anaweza kumrejesha aliyesahau. Mtu wa kumi na moja akiingia, unahamia daraja la Business la dola 7.99 kwa kichwa, na watu kumi na watano wanakuwa karibu Sh 3,600,000. Usalama wake una safu ya ziada: mbali na nywila kuu, kila akaunti ina ufunguo mrefu unaokaa kwenye vifaa vya mtumiaji tu. Mwizi akiiba hazina, yaani nywila zako zote zilizofungwa pamoja, kutoka kwenye seva za kampuni, kukisia nywila kuu pekee hakumfikishi popote.

Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 2022 nakala za hazina za wateja wa LastPass, programu nyingine ya aina hii, ziliibiwa, na kampuni ilikiri Desemba mwaka huo. Nywila zilikuwa zimesimbwa, lakini anwani za tovuti hazikusimbwa, na waliokuwa na nywila kuu dhaifu wakabaki hatarini. Bei ya LastPass haitofautiani sana na ya wenzake. Sioni sababu ya hoteli inayoanza leo kuanzia hapo.

Kwa kundi la hoteli tatu au nne lenye watu sitini wa kuingia kwenye mifumo, hesabu inageuka. Bitwarden Enterprise ni Sh 10,800,000 kwa mwaka, 1Password Business ni zaidi ya Sh 14,000,000. Hapo ndipo kijana wa IT husema: “Bosi, tujiwekee seva yetu.” Vaultwarden, programu ya kuendesha seva hiyo mwenyewe, ni ya bure kweli, inatumika na programu za Bitwarden, na inakaa hata kwenye kakompyuta kadogo. Lakini hewa ya chumvi ya Jambiani inakula vifaa, umeme una siku zake, na waliokuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya umeme ya kutoka bara ilipokufa kwa miezi mitatu, hawahitaji kukumbushwa. Anayejiwekea seva lazima alipe mtu wa kuitunza, kuisasisha na kuhifadhi nakala nje ya jengo. Mshahara wake wa mwaka unaweza kuzidi malipo unayoyakimbia. Na akiacha kazi?

Intaneti ikikatika je? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na Afrika Mashariki ikatambaa, na mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini wakati wa uchaguzi. KeePassXC haijali. Bitwarden inaonyesha nywila zilizokwishapakuliwa ila hutaweza kuzibadilisha, na aliyetoka kabisa kwenye akaunti harudi ndani mpaka mtandao urejee. 1Password huweka nakala kamili kwenye kifaa. Kwa vyovyote, nywila kuu ya msimamizi iandikwe kwenye karatasi moja, iingie kwenye bahasha, ikae kwenye sefu ya mwenye mali, si ya meneja.

Uamuzi wangu: watano hadi kumi, chukua kifurushi cha timu cha 1Password. Kumi na mmoja hadi thelathini, Bitwarden Teams inatosha, mradi wasimamizi wawe wawili. Zaidi ya hapo, au ukiwa na mabadiliko makubwa ya watu kila msimu, lipia Enterprise. Kulipa mwezi kwa mwezi ni ghali zaidi kwa kichwa, lakini hoteli inayofunga Aprili na Mei na kupunguza vichwa inaweza kuona afueni. Fanya hesabu yako kabla ya kukubali mkataba wa mwaka. Kazi ya kuhamisha nywila ifanyike masika, wageni wakiwa wachache.

Na hakuna programu itakayofuta alichokwishakisoma mtu. Anayeondoka, nywila alizozitumia zibadilishwe siku hiyo hiyo. Njia ya kupunguza kazi hiyo haina malipo: Booking.com inaruhusu kila mfanyakazi kuwa na mtumiaji wake, mwenye mamlaka yake, badala ya wote kuingia kwa jina moja. Kabla hujatoa hata senti, fungua leo orodha ya watumiaji kwenye akaunti ya hoteli yako, na uwafute wote wasiokuwepo kazini.