Kileo chepesi kabla ya chakula: siri ni kipimo

Je, msomaji, umewahi kuambiwa kwamba glasi moja kabla ya chakula cha jioni haina neno kwa kuwa ni "nyepesi"? Neno hilo limezoeleka Malindi. Waitaliano walijenga kituo chao cha kurushia setilaiti huko Ngomeni katika miaka ya 1960, na wenzao waliofuata kama watalii na wakazi walikuja na desturi ya kunywa kitu kichungu kidogo ili kuamsha hamu ya kula. Leo tutazame kileo kimoja cha namna hiyo.

Ni kitu gani?

Kokteli hii huitwa Adonis, jina la mchezo wa nyimbo ulioanza kuonyeshwa New York mwaka 1884. Haina wiski wala pombe nyingine kali. Ina mivinyo miwili iliyoongezwa nguvu, yaani mvinyo wa zabibu uliotiwa spiriti kidogo. Wa kwanza ni sheri kavu ya Uhispania, yenye kilevi cha asilimia 15 hivi. Wa pili ni vermuti tamu, iliyorowekwa mitishamba, na kilevi chake ni asilimia 16 hivi.

Namna ya kutengeneza

Tia barafu nyingi katika jagi. Mimina sheri mililita 45, yaani vijiko vitatu vikubwa, na vermuti kiasi hicho hicho. Koroga kwa nusu dakika, kisha chuja katika glasi ndogo. Kata kipande cha ganda la chungwa, ukikamue juu ya glasi ili mafuta yake yadondoke. Ukitaka iwe nyepesi zaidi, punguza kila mvinyo hadi vijiko viwili na uongeze soda isiyo na sukari.

Joto la Pwani huharibu mivinyo hii upesi. Chupa ikifunguliwa, iweke katika friji. Sheri kavu imalizike kwa wiki moja hivi, na vermuti kwa mwezi.

Hesabu yake

Glasi hiyo ina takriban gramu 11 za kilevi halisi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 4.2 ina gramu 16 au 17. Kweli basi, glasi moja ni nyepesi. Lakini glasi tatu ni sawa na chupa mbili za bia, nazo hunyweka upesi kwa kuwa ni tamu na baridi. Ini huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, na kahawa haiharakishi kazi hiyo. Anayetaka kuendesha gari kutoka Malindi hadi Kilifi usiku huo na asinywe hata moja.

Zaidi ya hayo, kileo hiki hunywewa tumbo likiwa tupu, na hapo kilevi huingia katika damu haraka. Kula korosho, samaki au viazi karai kwanza, na kunywa maji kila baada ya glasi.

Wanywaji wa mnazi nao wasijidanganye. Tembo likishuka kutoka mnazini huwa tamu, lakini hamira ya asili huendelea kufanya kazi katika joto. La asubuhi si la jioni, wala halina karatasi ya kukuonyesha asilimia.

Nani asiguse?

Mama mjamzito, kijana aliye chini ya miaka 18, mwenye ugonjwa wa ini, na anayetumia metronidazole au dawa za kifua kikuu. Mwenye kisukari amwulize daktari wake kwanza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Asiyekunywa basi asianze. Maji baridi ya ukwaju yenye sukari kidogo huamsha hamu ya chakula vilevile.