Tezi Dume: Kupima Mapema ni Nusu ya Tiba

Tarehe 8 Novemba 2014, Rais wa Awamu ya Nne, Dkt. Jakaya Mrisho Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, jijini Baltimore, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 64. Wananchi walielezwa kwamba tatizo lilikuwa saratani, nayo iligunduliwa ikiwa katika hatua za mwanzo. Kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa amekwisha kurejea nyumbani, akaendelea na kazi hadi alipokabidhi madaraka mwezi Novemba 2015.

Wapo wanaosema kwamba yeye alikuwa Rais, na njia ya kwenda Marekani haiko wazi kwa kila mtu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inaficha ukweli mkubwa zaidi. Upasuaji ule ulikuja baada ya ugonjwa kuonekana mapema, na kuuona ugonjwa mapema hakuhitaji safari ya ndege. Kwa mkazi wa Tabata, huanzia kwenye chumba cha mganga katika zahanati iliyo karibu.

Tezi dume ni nini?

Katika mazungumzo ya kila siku husemwa kwamba fulani "ana tezi dume", kana kwamba tezi yenyewe ni ugonjwa. Kila mwanamume huzaliwa nayo. Iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kwa kijana, ukubwa wake unakaribia ule wa ndimu ndogo. Mrija unaotoa mkojo nje hupita katikati yake. Kwa hiyo tezi inapokua huubana mrija huo, kama mguu unaokanyaga mpira wa kumwagilia bustani.

Magonjwa makuu ya tezi hii ni matatu. La kwanza ni kukua kwa tezi kusikokuwa saratani, jambo linaloambatana na umri: karibu nusu ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60 wanalo, na baada ya miaka 80 huwa hadi 9 katika kila 10. La pili ni uvimbe unaotokana na maambukizi, ambao huweza kumpata hata kijana, mara nyingi ukiwa na homa na maumivu ya kinena. La tatu ni saratani. Kukua kwa kawaida hakugeuki kuwa saratani, ila magonjwa hayo mawili huweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Dalili zisizopaswa kuzoeleka

Dalili za tezi iliyokua huja polepole. Mwanamume huamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo. Mkojo huchelewa kuanza, hutoka kwa nguvu kidogo, hukatikakatika na kuacha hisia kwamba kibofu hakijaisha. Anayepanda daladala Segerea kwenda Kariakoo huanza kufikiria choo kabla ya kufikiria nauli. Wengi huyachukua mambo hayo kuwa ni uzee tu, wakayavumilia kwa miaka.

Uvumilivu huo una hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba kibofu kisichoisha mkojo hupata maambukizi na mawe, na shinikizo lake huweza kuharibu figo. Ya pili ni kwamba saratani ya tezi dume, inapoanza, mara nyingi haina dalili yoyote. Maumivu ya mgongo na nyonga yasiyoisha, kupungua uzito au udhaifu wa miguu huweza kuwa ishara kwamba imekwisha kufika kwenye mifupa, na wakati huo madaktari huweza kuidhibiti lakini si kuimaliza.

Ni muhimu pia kutojipachika ugonjwa. Kukojoa mara kwa mara huweza kutokana na kisukari. Damu katika mkojo huweza kuwa kichocho, maambukizi au uvimbe wa kibofu. Mkojo mwembamba kwa mtu aliyewahi kuugua kisonono huweza kusababishwa na kovu ndani ya mrija. Dalili hufanana, tiba hazifanani. Ndiyo sababu vipimo hutangulia dawa.

Vipimo hufanyikaje?

Mganga huanza kwa maswali: mgonjwa huamka mara ngapi usiku, anatumia dawa gani, na kama baba au kaka yake aliwahi kuugua saratani hii. Kisha mkojo hupimwa kuangalia maambukizi, damu na sukari. Kipimo cha damu kiitwacho PSA huonyesha kiasi cha protini inayotengenezwa na tezi dume.

PSA iliyopanda si hukumu ya saratani. Hupanda pia kwa sababu ya maambukizi, kukua kwa tezi, kuwekewa mpira wa mkojo au kutoka kwenye tendo la ndoa siku chache kabla ya kupimwa. Vilevile, PSA iliyo chini haimwondolei mtu shaka yote, hasa akiwa anatumia dawa ya finasteridi, ambayo huipunguza karibu kwa nusu. Mgonjwa anayetumia dawa hiyo hana budi kumweleza mganga.

Kipimo kinachozungumzwa zaidi vijiweni ni cha kidole. Daktari huvaa glavu yenye kilainisho na kupapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, ili ajue kama ni laini au ina sehemu ngumu. Huchukua chini ya dakika moja. Hakipunguzi uanaume wa mtu wala hakiachi alama. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla, kukubali au kukataa, na kuomba faragha. Anayeogopa kipimo hicho asikimbie huduma nzima. Anaweza kuanza na kipimo cha damu na kuzungumza na daktari juu ya hatua inayofuata.

Matokeo yakitia shaka, mgonjwa hupelekwa kupigwa picha ya ultrasaundi au nyinginezo. Saratani huthibitishwa kwa kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi na kuvichunguza maabara.

Matibabu yaliyopo

Tezi iliyokua bila saratani na isiyosumbua sana huweza kufuatiliwa tu, huku mgonjwa akipunguza vinywaji jioni, hasa chai, kahawa na pombe. Zipo dawa kama tamsulosini, zinazolegeza misuli ya njia ya mkojo ndani ya siku chache, na finasteridi, inayopunguza ukubwa wa tezi baada ya miezi kadhaa. Dawa zikishindwa, upasuaji hufanyika kwa kupitisha kifaa ndani ya njia ya mkojo bila kupasua tumbo, au kwa kufungua tumbo tezi ikiwa kubwa mno. Uvimbe unaoletwa na bakteria hutibiwa kwa antibayotiki kwa wiki kadhaa, na dozi haipaswi kukatizwa maumivu yakipoa.

Saratani iliyobaki ndani ya tezi huweza kuponywa kwa upasuaji au kwa mionzi. Ile inayokua polepole huweza kufuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara. Iliyosambaa hudhibitiwa kwa kuzuia homoni za kiume na, inapobidi, kwa dawa za kemikali. Matibabu haya yana gharama zake mwilini: wengine hupungukiwa nguvu za kiume au huvujwa na mkojo kwa muda. Mgonjwa na mwenzi wake wana haki ya kuyauliza hayo waziwazi kabla ya kuamua.

Kuhusu dawa zinazonadiwa kwa vipaza sauti vituoni, kwamba huyeyusha tezi kwa wiki moja, hasara yake kubwa ni muda. Miezi inayotumika kuzijaribu ndiyo miezi ambayo saratani huhitaji ili isambae. Hata baadhi ya vidonge vya mafua vinavyouzwa madukani huweza kufunga mkojo kwa mtu mwenye tezi kubwa.

Njia ya kufuata

Mwanamume aliyetimiza miaka 50 anashauriwa kuzungumza na mganga kuhusu kipimo hata kama hana dalili. Kwa mwenye baba au kaka aliyeugua, miaka 45 ni wakati mwafaka, kwa kuwa hatari yake ni kubwa zaidi. Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo mgonjwa hupewa rufaa kwenda ngazi za juu, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Amana, Hospitali ya Taifa Muhimbili na, kwa saratani, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mwenye bima aende na kadi yake. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatambuliwa na sera ya afya kuwa wanastahili msamaha wa gharama. Ofisi ya mtaa ndiyo pa kuanzia utambuzi huo.

Anayeshindwa kabisa kutoa mkojo asisubiri kupambazuke. Hiyo ni dharura, na hospitali humwekea mpira ili kuokoa kibofu na figo.

Kwa anayeona haya mbele ya dirisha la mapokezi, maneno manne yanatosha: "Nina tatizo la mkojo." Mengine yatazungumzwa ndani, mlango ukiwa umefungwa.