Msimamizi wa Zamu ya Usiku Alijua Lini?

Tarehe 1 Januari 2019 kampuni ya Barrick Gold, yenye makao makuu Toronto, iliungana na Randgold, na Mark Bristow wa Afrika Kusini akawa mkuu wake. Miongoni mwa mambo ya mwanzo aliyofanya ni kupunguza ofisi ya Toronto na kuyashusha maamuzi hadi migodini. Migodini Kahama na Tarime, Tanzania, wimbi hilo lilifika upesi. Septemba mwaka huohuo Barrick ilizichukua hisa zote zilizobaki za Acacia, iliyokuwa ikiendesha Bulyanhulu, North Mara na Buzwagi, na iliyokuwa imebanwa tangu serikali ya Rais Magufuli ilipozuia makinikia, yaani mchanga wa madini, kusafirishwa nje Machi 2017. Ilipofika Januari 2020 mikataba ya kampuni ya ubia, Twiga Minerals, ilikuwa imesainiwa: asilimia 84 za Barrick, asilimia 16 za serikali ya Tanzania.

Basi ndani ya miaka 3 mchimbaji wa Bulyanhulu aliona shughuli zikisimama, wenzake wakipunguzwa kazi, mwajiri akibadilika na serikali ikiingia ubia. Mtu wa namna hiyo anapotaka kujua kesho yake hampigii simu mkurugenzi wa Toronto. Humgeukia msimamizi wake wa zamu: "Bosi, sisi tumo?" Na msimamizi, mara nyingi, hana habari zaidi ya zile alizo nazo anayemuuliza.

Naamini hapa ndipo mabadiliko ya kampuni kubwa hufia. Msimamizi wa zamu alipandishwa cheo kwa kuwa alikuwa fundi hodari, anayeijua mashine kwa mlio wake. Siku moja akakabidhiwa watu, na hakuna aliyemfundisha jinsi ya kuwaongoza. Mambo yakiwa shwari upungufu huo haujitokezi, kwa sababu taratibu zenyewe zinawaongoza watu. Taratibu zikivunjwa, anabaki yeye na maneno yake.

Mtu aliyenisaidia kulielewa jambo hili alizaliwa Toronto mwaka 1917. Elliott Jaques alikuwa daktari na mwanasaikolojia, na mwaka 1948 alianza utafiti wa miaka mingi katika Glacier Metal, kiwanda cha beringi cha London. Huko wawakilishi wa wafanyakazi walimzindua kwa jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitafakari: wa chini hulipwa kwa saa, wanaofuata kwa wiki, kisha kwa mwezi, na wakubwa hutajiwa malipo yao kwa mwaka. Kwa nini?

Jibu la Jaques lilikuwa kwamba uzito wa kazi hupimwa kwa muda. Chukua jukumu refu kuliko yote ambalo mtu ameachiwa alitimize kwa akili yake, na uhesabu muda mpaka tarehe ya kulikamilisha. Kwa mfanyakazi wa ngazi ya kwanza haufiki miezi 3. Kwa meneja aliye juu yake ni kati ya miezi 3 na mwaka mmoja. Kwa mkuu wa kampuni kubwa ya kimataifa unaweza kupita miaka 20.

Sasa rudi mgodini. Kipimo cha Barrick kwa mgodi wa daraja la kwanza ni wakia za dhahabu zisizopungua 500,000 kwa mwaka na uhai wa angalau miaka 10. Huko juu wanahesabu miaka hiyo 10. Msimamizi anahesabu saa zilizobaki zamu iishe. Wote wako sahihi. Kinachokosekana ni mtu wa katikati anayeweza kuigeuza miaka 10 kuwa kazi ya usiku wa leo, na kumkuza meneja ndiko kumfikisha hapo: apewe jukumu refu kidogo kuliko alilozoea, apewe sababu za maamuzi, kisha aachwe akosee na ajirekebishe.

Ndiyo maana nilifurahi Barrick ilipofungua chuo chake Buzwagi mwaka 2024, katika mgodi uliokuwa umemaliza uzalishaji mwaka 2021. Waliolengwa ni mafoman na wasimamizi wa migodi ya Afrika na Mashariki ya Kati, zaidi ya 2,000. Kampuni nyingi huanza na semina za wakurugenzi hotelini. Hapa wameanza ngazi inayokutana na watu.

Lakini darasa peke yake halitoshi. Jaques alisisitiza kwamba meneja asiyeweza kumkataa mtu asiyefaa kuingia kwenye timu yake, kugawa kazi, kupima utendaji na kuanzisha hatua za kumwondoa mtu, huyo amebandikwa cheo tu. Foman aliyetoka chuoni akarudi kwa bosi anayeamua hata nani ashike koleo, atasahau aliyofundishwa kabla ya mwezi kuisha.

Tena kazi yake haiishii getini. Novemba 2022 wakazi wa jirani na North Mara waliifungulia Barrick kesi katika mahakama ya Ontario kuhusu ukatili waliosema ulifanywa na polisi wanaolinda mgodi. Kampuni ilikanusha, na mwaka 2024 mahakama ikaamua kutoisikiliza kesi hiyo huko. Ujirani na vijiji ni jukumu la miaka mingi, na hauwezi kulelewa na mtu aliyefunzwa kuitazama zamu yake tu.

Kwa hiyo nikiitwa kukagua mabadiliko ya kampuni, bajeti ya mafunzo huwa naiacha ya mwisho. Kwanza naomba kuonana na msimamizi wa zamu ya usiku, nimuulize habari za mabadiliko hayo alizijua lini, na alizipata kwa nani. Wengi hunijibu: redioni.