Mvuke ni Wetu, Mtambo ni wa Nani?

Mtambo wa kwanza wa umeme wa jotoardhi barani Afrika haukuwashwa Kenya. Uliwashwa Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952, Kongo ikiwa bado koloni la Ubelgiji. Maji ya chemchemi yenye joto la nyuzi 91 yalizungusha mtambo wa kilowati 200 uliohudumia shughuli za mgodi, kisha mtambo ukaachwa ukafa. Katika miaka ya 1980, Italia iliijengea Zambia mtambo wa ukubwa kama huo Kapisya, kando ya Ziwa Tanganyika. Mashine zilifungwa zikawa tayari, lakini hazikumwashia mtu hata taa moja, kwa kuwa nyaya za kusafirisha umeme hazikuvutwa. Ethiopia nayo ilijenga mtambo wa takriban megawati 7 huko Aluto-Langano mwishoni mwa miaka ya 1990. Baada ya miaka michache tu ulisimama kwa hitilafu.

Mitambo yote mitatu ililetwa kutoka ng'ambo, na yote ilikuwa juu ya joto halisi. Joto halikukosekana mahali popote. Kilichokosekana ni nyaya, watu wa kuihudumia mitambo, na taasisi ya kuwalipa watu hao mishahara mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo maana Olkaria, karibu na Naivasha, ni somo la biashara kabla ya kuwa somo la mazingira. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, nyingi zikitoka hapo, na chanzo hicho hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaozalishwa nchini. Mwanzo wake haukutia moyo. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa mwaka 1956 na havikuzaa kitu. Utafiti ulifufuliwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 zikapatikana megawati 15 za kwanza. Kufikia 1985 zilikuwa 45. Mitambo ilitoka kwa Mitsubishi ya Japani. Wataalamu wengi walikuwa wageni.

Mabadiliko yalianzia darasani. Mwaka 1979 Iceland ilianzisha mafunzo ya jotoardhi ya miezi sita kwa wataalamu wa nchi zinazoendelea, chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Siku hizi yako chini ya UNESCO. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka watu wengi zaidi. Walikwenda wajiolojia, wakemia na wahandisi wa visima. Wengi husoma ng'ambo, lakini hawa walirudi wakakuta kazi inawangoja: visima vya kupima, mvuke wa kuchunguza, mabomba ya kusafisha. Ujuzi uliopatikana Reykjavik uliingia kazini Olkaria kabla haujapoa. Tangu 2005 Iceland na Wakenya wamekuwa wakiendesha kozi fupi nchini Kenya, zinazohudhuriwa na wataalamu kutoka nchi jirani. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, nacho kina taasisi yake ya jotoardhi.

Msukumo wa fedha ulitoka kwenye ukame. Mwaka 2000 mabwawa yalipungua maji na nchi iliyotegemea umeme wa maji ikaingia kwenye mgao mkali. Jenereta za dizeli zilikodiwa na gharama zikapanda. Mvuke hausubiri mvua, ila una kikwazo chake: kisima kimoja cha kina cha kilomita 3 hugharimu mamilioni ya dola, na unaweza kufika chini usipate kitu. Benki haipendi kamari ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo serikali iliunda shirika la GDC mwaka 2008 libebe hatari ya kuchimba, kisha liwauzie wawekezaji mvuke uliokwisha kupatikana. GDC ikanunua mitambo yake ya kuchimba, na mwaka 2011 ikaanza kazi katika kreta ya Menengai, Nakuru.

Huko Menengai ndiko ilikoonekana kwamba ujuzi wa aina hii hauji na kitabu cha maelekezo. Kwenye kina cha takriban kilomita 2, baadhi ya visima viligusa mwamba ulioyeyuka, jambo lililotokea sehemu chache sana duniani, Iceland ikiwemo. Mchimbaji wa Olkaria hakuwa amekutana na hali hiyo. Kila eneo lina tabia yake, kemia ya maji yake na njia yake ya kuziba mabomba, na anayeijua ni yule aliyekaa nalo miaka.

KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme nchini Kenya, nayo ilipata njia ya kuokoa fedha. Mtambo mkubwa huchukua miaka kujengwa, na wakati huo wote visima vilivyokamilika hukaa bure huku riba ya mkopo ikihesabiwa. Kampuni ilifunga mitambo midogo kwenye vichwa vya visima, mvuke ukaanza kuuzwa mapema. Teknolojia ilitoka nje, Norway, lakini ilikuzwa Olkaria hadi ikafikia karibu megawati 80.

Sasa ujuzi huo unauzwa. Mwaka 2019 KenGen ilipata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia, na mwaka 2021 ikasaini nyingine na Djibouti. Moja ya kazi za Ethiopia ilikuwa Aluto, palepale ambapo mtambo ulizimika kwa kukosa wa kuutunza.

Hata hivyo, Kenya imehamisha upande mmoja tu wa teknolojia, ule wa chini ya ardhi: kutafuta mvuke, kuuchimba, kuupima, kuutunza. Juu ya ardhi hadithi ni nyingine. Olkaria V ilikamilika mwaka 2019 kwa mkopo wa Japani na mashine za Japani. Kampuni ya Nairobi, H. Young, ilikuwamo katika ujenzi, lakini moyo wa mtambo, yale mapanga ya chuma yanayozungushwa na mvuke, ulikuja kwa meli. Mkopo na mashine vikitoka nchi moja, sehemu kubwa ya fedha hurudi huko kabla ya megawati ya kwanza kuuzwa, na deni hubaki hapa. Menengai imeonyesha pengo hili la juu ya ardhi kwa upande wa mitaji: mvuke ulikuwepo kwa miaka, lakini mtambo wa kwanza wa megawati 35, uliojengwa na mwekezaji binafsi, uliwashwa mwaka 2023.

Kuna pia ujuzi usiofundishwa Reykjavik. Familia za Wamaasai zilizohamishwa Olkaria mwaka 2014 zililalamika hadi Benki ya Dunia, na ilibidi suluhu ipatikane kwa upatanishi mwaka 2016. Kuzungumza na mwenye ardhi kabla ya kuweka bomba nako ni ufundi, na ukikosekana gharama yake huingia kwenye vitabu vya hesabu.

Mkataba wa tabianchi wa 1992 uliahidi kwamba nchi tajiri zitawezesha na kugharamia uhamishaji wa teknolojia. Mkataba wa Paris ukarudia ahadi hiyo: kifungu cha 10 kwa teknolojia, cha 11 kwa kujenga uwezo. Olkaria inaonyesha kwamba vifungu hivyo viwili haviachani. Aluto ilipata cha 10 bila cha 11.

Swali la nani anabaki na ujuzi limefika Tanzania. Kampuni ya TGDC, tanzu ya TANESCO iliyoundwa mwaka 2013, inafuatilia maeneo ya Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya, katika nchi inayokadiriwa kuwa na hazina ya megawati 5,000. Mkataba wowote utakaosainiwa huko unapaswa kusomwa ukurasa unaotaja nani atachimba kisima cha kumi, si cha kwanza.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakampa jembe. Katika teknolojia mambo hugeuka: siku ya tatu mgeni ndiye anayetakiwa kumwachia mwenyeji jembe. Kenya imelipata la kuchimbia. La kufulia umeme bado inaliagiza ng'ambo.