Mzigo wa Bagamoyo, dada wa Sinza



Jumamosi moja alfajiri jumuiya yetu ya Sinza ilipanda Coaster kwenda Bagamoyo kwa hija ya siku moja. Tulipita Mwenge, Tegeta na Bunju tukiimba mapambio, masufuria ya pilau yakigongana nyuma ya gari. Nilikwenda na mwanangu wa miaka miwili, na nikamchukua dada wa kazi ili amshike mtoto. Niseme kweli: sikumwalika kuhiji. Nilimpeleka kazini.

Kiongozi wetu alikuwa ametuonya mapema. "Hatuendi kupiga picha tu. Safari hii tutajifunza kwa mikono na kwa miguu."

Tulianzia Misheni Katoliki, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Waliwakomboa watumwa kwa kuwanunua, kisha wakawajengea kijiji. Karibu na hapo upo mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kinachochungulia kwenye gome. Kila mmoja wetu alikigusa, na wengi tukadhani ni mnyororo wa watumwa. Mwenyeji wetu akatusahihisha. Inasimuliwa kwamba ulikuwa wa kufungia punda. Ukasahaulika pale, mti ukazidi kunenepa, hatimaye ukaumeza.

Kisha tukasimama kwenye mnara wa kanisa la zamani. Hapo uliwekwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake kule, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miezi kama tisa, zaidi ya kilometa 1,000, hadi pwani. Chuma mwenyewe alikuwa ameokolewa utotoni kutoka kwenye msafara wa watumwa. Leo mnara unaitwa kwa jina la aliyebebwa. Waliobeba, wengi wetu tulikuwa tunayasikia majina yao kwa mara ya kwanza.

Halafu ikaja zamu yetu. Kiongozi alijaza maji ndoo za lita 20 na kutupanga mstari. "Pagazi wa misafara alibeba kama kilo 30, siku nzima, wiki kwa wiki," alisema. "Ninyi bebeni hizi 20 kutoka hapa kanisani mpaka kwenye msalaba ulioko ufukweni."

Nilijitwisha ndoo yangu kwa kusaidiwa na watu wawili. Hatua ya thelathini shingo ikakataa. Nikaitua, nguo zimelowa, wenzangu wakicheka. Dada akamkabidhi mtoto kwa mama mmoja, akainama, akajitwisha ile ndoo peke yake na kuondoka bila hata tone kumwagika. Watu wakampigia makofi. Nilipomfikia pale msalabani nilimwuliza amejifunzia wapi.

"Si nyumbani, mama," alijibu bila kinyongo. "Maji yakikatika napandisha ndoo sita mpaka juu."

Naishi ghorofa ya tatu. Sikuwahi kuhesabu zile ndoo.

Na kulikuwa na hesabu nyingine ambayo sikuwa nimeifanya. Nilikuwa sijamlipa mshahara wa miezi miwili. Nilijiambia kwamba anakula kwangu na analala kwangu, atavumilia kidogo. Lakini ahadi yangu ya ujenzi wa kanisa nilikuwa nimeimaliza yote, na jina langu likasomwa mbele ya washarika. Pale ufukweni ndipo nilipoelewa kwamba sehemu ya sadaka ile ilikuwa jasho lake.

Yakobo, sura ya 5 mstari wa 4, anasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana. Torati nayo inaagiza kibarua alipwe siku ileile kabla jua halijazama. Nilikuwa nikiyajua maandiko hayo, ila nilidhani yanawahusu matajiri wenye mashamba. Kumbe yanaingia hata kwenye nyumba ya kupanga Sinza. Dhambi yangu ilikuwa kama ule mnyororo wa mbuyuni: imekaa muda mrefu hadi nikaona ni sehemu ya mti.

Jumatatu nilimlipa yote na kumwomba msamaha. Kulipa kulikuwa rahisi kuliko kuomba msamaha. Alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Mama, naweza kuwa nakwenda ibadani Jumapili?" Mwaka mzima nilikuwa nikimwacha apike ili sisi tukirudi kumwabudu Mungu tukute chakula mezani.

Katika waraka wake kwa Filemoni, Paulo hakumwomba ampokee Onesimo kama mtumishi aliyerudi kazini, bali kama ndugu mpendwa. Sisi tumekwisha kuwapa wasichana hawa jina zuri, tunawaita "dada". Kilichobaki ni kuwatendea kama dada zetu: mshahara kwa wakati, siku ya kupumzika, na nafasi kwenye benchi la kanisa.

Mpendwa, leo ukishachukua Biblia yako na kabla hujafunga mlango, geuka uangalie jikoni. Nani amebaki? Unadaiwa naye nini?

Jumapili njema.