Mrututu

Je, chumvi zote huliwa? Hapana. Chumvi ya jikoni ni moja tu. Ziko nyingine nyingi. Moja yao ni mrututu. Wataalamu huuita salfati ya shaba, kwa maana ndani yake mna shaba. Katika viwanda vya Katanga, mawe ya shaba hutiwa katika asidi kali. Shaba huyeyuka, na maji hugeuka buluu: hayo ni maji ya mrututu. Kisha umeme hupitishwa ndani yake, na shaba safi hushikamana na mabamba.

Punje za mrututu ni za buluu, nazo hung'aa kama kioo. Ukavu wake hudanganya: katika gramu 100, gramu 36 ni maji. Mwalimu akizipasha moto, maji hutoka, na punje huwa unga mweupe. Akidondosha tone la maji juu ya unga huo, rangi ya buluu hurudi mara moja.

Msumari safi wa chuma ukitumbukizwa katika maji ya mrututu, baada ya dakika chache huwa mwekundu. Chuma huingia majini, na shaba hutoka majini ikaufunika msumari. Kwa hiyo mrututu hautiwi katika ndoo ya bati. Utaila hata itoboke. Hutiwa katika chombo cha plastiki au cha kioo.

Mkulima huchanganya mrututu na chokaa, akanyunyizia nyanya na viazi ili majani yasioze kwa ukungu. Millardet, mtaalamu wa Bordeaux, Ufaransa, aliieleza dawa hiyo mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu.

Lakini mrututu ni sumu. Mtoto asiyejua huona rangi nzuri, akadhani ni pipi. Akiumeza, hutapika, tumbo humwuma sana, naye aweza kufa. Asuuze kinywa, asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali upesi pamoja na chombo chake. Ukiingia machoni, yaoshwe kwa maji mengi.

Mrututu huwekwa juu, mbali na chakula, katika chombo chenye kifuniko na jina. Aliyeushika hunawa mikono. Masazo hayamwagwi mtoni, maana huua samaki.

Maulizo
1. Kwa nini unga mweupe hugeuka buluu?
2. Kwa nini ndoo ya bati haifai?
3. Mtoto akimeza mrututu, afanyiwe nini?