Dagaa wa Tanganyika na ushahidi uliomo topeni

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana. Hapa Mpanda tuliuhisi mfungo huo jikoni. Wenzetu wa Karema na Ikola waliuhisi hadi katika ada za watoto. Tangu hapo, barazani baada ya sala ya Alasiri, swali limekuwa moja: ni nani aliyemaliza dagaa? Kidole huelekezwa kwa mvuvi, na kwa maoni yetu huelekezwa upesi mno.

Jioni moja, baada ya Magharibi, kijana wa madrasa alituonyesha katika simu yake picha ya hadubini isiyo ya kawaida. Kompyuta imeunganisha picha nyingi ndogondogo za kipande kimoja cha kioo, hata mtazamaji huisogeza kwa kidole, akaikuza na kuzunguka ndani yake kama atembeaye mtaani. Humo mna visukuku vya dayatomu, yaani mwani wa chembe moja ujijengeao gamba lililo kama kioo. Vingine ni mviringo kama sahani, vingine vyembamba kama sindano, navyo vimetobolewa matundu kwa mpangilio ambao fundi stadi wa nakshi asingeuthubutu. Tulikaa nayo hadi adhana ya Isha, na chai ikapoa.

Mwani ndio mwanzo wa chakula cha ziwa: vijidudu vya majini huula, dagaa huwala vijidudu, na migebuka huwala dagaa. Dayatomu wafapo, magamba yao huzama. Na kwa kuwa maji ya vilindi vya Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470, hayana oksijeni, hakuna kiumbe wa kulivuruga tope. Hujipanga tabaka juu ya tabaka.

Mwaka 2016, Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walichapisha matokeo ya kulichunguza tope hilo, kumbukumbu ya takriban miaka 1,500, yaani tangu kabla ya Hijra. Walikuta kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara, na kwamba mabaki yao yalipungua sambamba na dayatomu. Sababu ni joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, na rutuba iliyoko vilindini haipandi kuulisha mwani.

Hatusemi kwamba nyavu za matundu madogo hazina hatia. Ziwa lililokwisha dhoofika ndilo lisiloweza kuzistahimili.

Mzee mmoja mvuvi kutoka Ikola, aliyekuja kwetu kwa shughuli ya ndoa, alisikiliza maelezo haya hadi mwisho. Akauliza iwapo tope hilo laweza kueleza ya mwaka ujao. Tukamjibu kuwa linaeleza yaliyopita tu. Akanyamaza kidogo, kisha akamwomba kijana amwonyeshe tena zile sahani.